Maji ndooni, asumini zakauka: kisa cha vijifereji vya sutuhini

Siku ya tano nilipopanda sutuhini kwa shangazi, juu ya paa bapa la nyumba yake, ndoo ilikuwa na maji zaidi ya nusu na mirihani ilikuwa imelala kama imechapwa. Maji yapo, mmea wafa kiu, na baina yao kuna chombo nilichokitengeneza mimi, nikajigamba nacho wiki nzima kwamba nimeiga mti. Kosa lililofanyika si la mtu asiyejua kitu. Ni la mtu aliyesoma fizikia kidogo, akashika nusu ya habari.

Nyumba iko Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa. Sutuhi yake haina kivuli tangu saa tatu asubuhi mpaka jua linapoteremka upande wa Tudor. Juu pale shangazi ana makopo sita, yale makubwa ya rangi ya lita 20 yaliyotobolewa chini: manne ya asumini, mawili ya mrihani. Si mapambo. Maua huchumwa alasiri yakiwa bado matumba, yakatungwa vikuba, vile vishada vya manukato, pamoja na mrihani na mkadi, na kabla ya Isha yameshakwenda kwa wenyewe. Kopo moja la asumini likifa, ni kipato kilichokatika, na asumini hairudi kwa mwezi.

Januari aliitwa harusini Lamu, siku kumi. Mimi naishi Likoni, na kuvuka feri kila siku kwenda kumwagilia makopo sita kisha kurudi ni kazi ya mtu asiye na kazi nyingine. Msimu ni wa kaskazi, mvua hakuna, na maji ya mfereji Mji wa Kale huja yanapotaka yenyewe. Maji mengi ya Mombasa husafirishwa kutoka mbali, chemchemi za Mzima kule Tsavo na visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, kwa hiyo mahali popote njiani pakiharibika, sisi wa kisiwani tunawaita watu wa mkokoteni. Kisima cha nyumba kipo, lakini maji yake yana chumvi. Hilo la chumvi lishike, tutalirudia.

Basi nikasema nitamtengenezea chombo cha kujinywesha. Bila pampu, bila umeme, bila mtu. Mti hauna pampu na maji yanafika kileleni. Nikapeleka mchoro kwenye duka la kutengeneza mabango mjini, nikamwomba kijana wa mashine ya leza anichoree mistari kwenye mabamba ya plastiki ngumu ya uwazi: mistari 20 kwa kila bamba, urefu sentimita 40, upana na kina chake kiasi cha milimita 0.2, kama unene wa nywele mbili tatu zikipangwa pamoja. Juu nikafunika kwa bamba jingine, nikagandisha kwa utepe wa gundi ya pande mbili. Hapo ndipo mistari ikawa mirija. Naiita vijifereji, ingawa kwa mtu wa Mombasa neno mfereji humpeleka moja kwa moja kwenye bomba la kufungulia maji.

Nilikijaribu mezani, kimelala. Nikatia maji yenye rangi ya chakula upande mmoja, yakakimbia mpaka mwisho kwa muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Nikaona nimemaliza. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni na buibui yake, tayari kwa safari.

“Sasa hiki chako chafanya nini ambacho kata haifanyi?”

“Chavuta maji chenyewe, shangazi. Kama mti.”

“Mti wavuta kwa mizizi. Hiki kina mizizi?”

Nilicheka. Sikupaswa kucheka.

Niliweka ndoo juu ya matofali, ukingo wake chini ya midomo ya makopo kwa sentimita nne hivi. Kila bamba mguu wake ukaingia ndooni, kichwa chake kikazikwa kwenye udongo na pamba kidogo. Siku mbili za kwanza mambo yalikuwa mazuri. Jirani alinipigia simu kwamba udongo una unyevu. Siku ya tano ndiyo hiyo niliyoanza nayo. Nilichukua kata nikamwagilia kwa mkono, makopo yote. Asumini ziliinuka zote nne, moja ikapukutisha matumba yake. Mrihani mmoja uliinuka. Wa pili haukuinuka tena.

Nilipovua mabamba niliyaangalia dirishani dhidi ya mwanga. Vijifereji vilikuwa vitupu kuanzia kama vidole viwili juu ya maji. Juu kabisa, kwenye pamba, palikuwa na mstari mweupe, mwembamba, wa kukwaruzika kwa ukucha. Nikaulamba. Chumvi. Jirani, kwa wema wake, alikuwa ameongeza ndoo kwa maji ya kisima.

Sasa tuangalie kilichotokea, kwa sababu yaliharibika mambo matatu pamoja, na yote matatu yana jibu kwenye mti, ila si jibu nililodhani.

La kwanza ni kupanda. Maji hupanda kwenye mrija mwembamba kwa sababu yanapenda kushikana na ukuta wake, na uso wa maji una mvutano unaoyabeba. Mrija ukiwa mwembamba mara mbili, maji hupanda mara mbili. Kwa kioo safi na mrija wa kipenyo cha milimita 0.2, maji hupanda karibu sentimita 15, yakasimama. Lakini plastiki ile si kioo. Tone la maji juu yake halitandazi, hukaa limevimba, pembe ya mgusano, pale ukingo wa tone unapokutana na plastiki, kama digrii 70, na kupanda kule kukashuka kuwa sentimita tano tu. Mbona basi mezani yalikimbia? Kwanza, kwa sababu bamba lilikuwa limelala. Kwenye mrija uliolazwa hakuna uzito wa kuinua, kwa hiyo maji huenda tu, polepole zaidi kadiri yanavyofika mbali, lakini hayasimami. Pili, nilikuwa nimeosha mabamba kwa sabuni ya vyombo. Sabuni huyafanya maji yatandae kwenye plastiki, hilo ni kweli, lakini papo hapo hupunguza ule mvutano wa uso kwa zaidi ya nusu. Ukipiga hesabu unapata sentimita kama sita. Yaani sabuni ilinipa sentimita moja ya bure, kisha nayo ikaoshwa ikaenda zake.

Ndoo ilipokuwa imejaa, sentimita nne zilipandika. Siku ya tatu maji ndooni yalikuwa yameshuka kwa upana wa vidole vinne, na mlima ukawa zaidi ya sentimita kumi. Msomaji makini atasema: lakini mrija ukishajaa na kichwa chake kikigusa udongo mkavu, udongo wenyewe huvuta, haijalishi plastiki inapenda maji au haipendi. Ni sawa kabisa, mradi mkufu wa maji usikatike. Wangu ulikatika. Gundi ya pande mbili ililainika kwa jua la sutuhini, ikaacha nyufa pembeni, hewa ikaingia. Mrija ukishaingiwa na hewa lazima ujijaze upya kwa nguvu zake mwenyewe, na nguvu zake ni sentimita tano.

La pili ndilo lililoniuma zaidi, kwa sababu ningeliona kwa kalamu na karatasi kabla ya kulipa leza. Hata vijifereji vingekaa vimejaa, havikuweza kuleta maji ya kutosha. Jean Poiseuille, daktari Mfaransa aliyekuwa akichunguza mwendo wa damu kwenye mishipa midogo, alionyesha miaka ya 1840 kwamba mtiririko kwenye mrija hufuata kipenyo kikizidishwa chenyewe kwa chenyewe mara nne. Ukipunguza kipenyo nusu, maji hupungua mara 16. Mrija wa milimita 0.2, urefu sentimita 40, ukivutwa kwa nguvu sawa na uzito wa sentimita kumi za maji, hupitisha kama mililita tisa kwa siku. Hazijazi kijiko cha mezani. Mistari 20 haifiki robo lita. Asumini moja kwenye kopo lile, kwa jua la Januari, nilipoipima baadaye kwa kata ilitaka karibu nusu lita. Kwa hiyo siku zile mbili za mwanzo hazikuwa za chombo changu. Mmea ulikuwa ukinywa akiba ya udongo ambao shangazi aliumwagilia vizuri alfajiri ya safari.

Hapa ndipo ile nusu ya habari ilipo. Niliambiwa, kama wengi tulivyoambiwa shuleni, kwamba maji hupanda mtini kwa sababu mirija yake ni myembamba. Ipime. Mishipa ya maji ya mti, ile ya zailemu, huwa na vipenyo vya makumi ya maikromita (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), na kwenye baadhi ya mimea hupita mia kadhaa. Mshipa wa kipenyo cha maikromita 100, kwa kupanda kwake peke yake, huinua maji sentimita 30 hivi. Hiyo haifiki hata kwenye tawi la chini la mwembe. Mshipa wa mti si mwembamba kiasi cha kuinua maji, na haukukusudiwa kuinua. Umepanuliwa ili upitishe.

Wembamba uko kwenye jani. Ndani ya jani, maji hukomea kwenye kuta za seli, na kuta hizo zina matundu ya vipimo vya nanomita, yaani sehemu ya elfu ya maikromita. Tundu la nusu-kipenyo cha nanomita kumi linaweza kushikilia maji dhidi ya mvuto wa zaidi ya mara 140 ya shinikizo la angahewa kabla hewa haijapenya. Jua linapokausha jani, maji hurudi nyuma ndani ya matundu hayo kidogo tu, uso wake ukapinda, na kupinda huko kukavuta mkufu mzima ulio nyuma yake, kupitia mishipa mipana, mpaka mzizini. Wanasayansi Dixon na Joly walilieleza wazo hilo kule Dublin mwaka 1894 na likapingwa sana, maana ni nani angeamini kwamba maji yanaweza kuvutwa kama kamba? Mwaka 2008 Wheeler na Stroock, chuo cha Cornell, Marekani, walitengeneza mti wa bandia mdogo ndani ya jeli yenye matundu ya nanomita, na maji ndani yake yakavumilia mvuto wa karibu angahewa 220 bila kukatika. Huo ulikuwa mfano sahihi wa kuiga: nafasi pana ndani, matundu membamba mdomoni. Mimi nilifanya kinyume. Nilibana njia nzima, nikauacha mdomo wazi na pamba.

Shangazi aliporudi nilimweleza hivyo hivyo, pamoja na habari ya mrihani. Alinyamaza kidogo, akasema, “Kwa hiyo mdomo wabana, koo yapanuka.” Kisha akauliza bei ya leza. Sikumtajia.

Chombo cha pili hakikuhitaji leza. Nilichohitaji ni kitu chenye matundu madogo sana mwisho wake, na mrija mpana wa kawaida. Vitu vyote viwili viko kila mtaa wa Mombasa. Mrija ni ule mpira wa plastiki wa uwazi ambao mafundi uashi huujaza maji wakapimia usawa wa ukuta. Nilichagua mwembamba, wa milimita nne kwa ndani. Milimita nne dhidi ya 0.2 ni mara 20, na kwa hesabu ya Poiseuille hiyo ni mara 160,000 ya maji. Mdomo ni mshumaa wa kichujio, ule wa kauri nyeupe unaokaa ndani ya chujio la maji ya kunywa, wenye umbo la kidole gumba kikubwa na shingo ya plastiki. Watu huutupa ukishaziba kwa matope. Nilikusanya mitatu iliyotupwa, nikaisugua kwa brashi mpaka ikawa myeupe tena. Matundu ya kauri hiyo ni ya kiwango cha maikromita moja au pungufu, na tundu la hivyo likishalowa halipitishi hewa mpaka livutwe kwa nguvu sawa na makumi ya mita za maji. Mimi nilikuwa nataka nusu mita.

Namna ya kuupanga ndiyo iliyomshangaza shangazi. Ndoo iko chini, sakafuni, nusu mita chini ya kauri. Alitaka kujua kwa nini nisiiweke juu ya ukuta maji yateremke yenyewe, kila mtu ajuavyo maji hufanya. Yakiteremka hayasimami: udongo ushibe usishibe, yataendelea kusukumwa mpaka kopo ligeuke kinamasi. Ndoo ikiwa chini, udongo hupata kile tu unachokivuta wenyewe. Ukiwa mbichi, mvuto wake ni mdogo kuliko ule wa nusu mita, maji hayapandi. Jua likiukausha kidogo, mvuto unaongezeka, maji yanapanda. Hakuna koki wala saa. Udongo wa bustani huanza kumpa mmea taabu kidogo mvuto wake unapofika mita kadhaa za maji, kwa hiyo nusu mita ni starehe.

Kuuanzisha ndiko kunataka subira. Mshumaa ulowekwe usiku kucha. Maji yachemshwe kwenye sufuria, yaachwe yapoe yakiwa yamefunikwa, kwa sababu maji mabichi yana hewa iliyoyeyuka ndani yake na sutuhi ikipata moto hewa hiyo hutoka. Mpira ujazwe ukiwa umezama kwenye beseni, uungwe na shingo ya mshumaa humo humo majini, na kidole kiuzibe mwisho mpaka ufike ndooni. Kisha mshumaa uzikwe, na udongo laini uliopepetwa ushindiliwe kuuzunguka. Udongo wetu wa pwani una mchanga mkubwa. Ukiuacha hivyo hivyo, kauri hugusa chembe chache tu, na maji hayana pa kuvukia.

Tulianza na asumini tatu, ya nne ikabaki ya kumwagiliwa kwa kata ili tuwe na cha kulinganishia. Shangazi alikuwa nyumbani safari hii, na ndiye aliyekuwa akichora mstari wa wanja kwenye ndoo kila alfajiri baada ya sala. Mistari ilishuka kwa hatua karibu sawa, siku za mawingu ikikaribiana, siku za jua ikiachana. Mimi ilinifurahisha zaidi ya maua, maana ndoo ilikuwa inaandika hali ya hewa.

La tatu ni chumvi, na hapa mti wa kutazamwa si asumini. Kauri huzuia matope, chumvi haizuii. Iliyoyeyuka hupita pamoja na maji. Mmea hunywa maji na kuiacha nyingi udongoni, jua likaongeza, na baada ya wiki chache kopo ni ziwa dogo la chumvi hata kama maji ya kisima yalikuwa na chumvi kidogo tu ulimini. Mikoko iliyo Tudor na Mwache huishi kwenye maji ya bahari, gramu 35 za chumvi kwa lita, na ili kuyanywa ni lazima ivute kwa nguvu inayozidi angahewa 25. Mtafiti Scholander na wenzake walilipima jambo hilo mwaka 1965 kwa kubana tawi lililokatwa ndani ya chupa ya gesi mpaka maji yakarudi kwenye kikonyo, wakaona mvuto wa mikoko uko kweli kwenye kiwango hicho. Mkoko huiacha chumvi nyingi nje ya mzizi. Mchu, aina nyingine ya mikoko, huruhusu kiasi kiingie, kisha huitoa juu ya jani. Pita pwani ya Tudor wakati wa kiangazi, ulambe jani la mchu, utajua. Bahari huwasaidia wote kwa kusuuza mizizi yao maji yanapojaa. Kopo la rangi halina bahari ya kulisuuza. Kwa hiyo kisima kimefutwa kwenye mpango, ndoo ni maji ya mfereji au ya mkokoteni tu, na kila mwisho wa mwezi kopo humwagiwa kata nyingi kwa juu mpaka maji yatoke chini. Masika yatafanya kazi hiyo bure.

Ila moja kati ya zile asumini tatu bado inasumbua. Mpira wake unapita kwenye kona ya ukuta ambako jua hupiga kuanzia saa sita, na kila siku kama saa nane huonekana kitone cha hewa pale kwenye pindo, kinene kama punje ya mtama. Saa tisa kimekuwa kunde. Siku kikikua cha kuziba mpira wote, mkufu hukatika na kopo hilo halipati kitu mpaka nije nijaze upya. Nimeufunga mpira kwa kitambaa cheupe, kimepungua, hakikuisha. Plastiki yenyewe hupitisha hewa kidogo kidogo, hilo halichemshiki. Shangazi amekipa jina, anakiita jini, na hukigonga kwa bangili yake mpaka kipande juu.

Juzi aliniuliza kama mti nao huingiwa na jini. Nikamwambia ndiyo, kiangazi huingiwa sana, na kwa mvuto mkubwa kuliko wetu hewa hunyonywa hata kupitia vitundu vya ukuta wa mshipa. Ila mti una mishipa maelfu, na baina ya mshipa na mshipa kuna utando wenye vitundu vidogo ambao maji hupita na hewa hukwama. Mmoja ukifa, maji huzunguka kwa wa jirani.

“Na wewe umetia mipira mingapi kwa kopo?”

“Mmoja.”

Alinitazama, akarudi kwenye matumba yake. Jumamosi nakwenda Mwembe Tayari kutafuta mita nyingine sita, na viungo vya kugawanya.